Kituo Kilichotoka Salama Kuliko Vyote

Taveta, Jumapili

Baba,

Mulembe. Goti linaendeleaje? Usiniambie limepona, maana Mama alishakuchongea kwangu kwamba huinuki bila kushika meza. Najua hupendi meseji, ndiyo maana nakuandikia, hapa kwenye benchi la hospitali. Usishtuke, mgonjwa si mimi.

Kazi yangu Voi unaijua: nakusanya madaftari ya matukio ya vituo vyetu vitatu vya utafiti, cha Voi, cha Bura na cha Mata, kisha kompyuta inakadiria wapi kuna hatari zaidi, iwe tembo, mafuriko, nyoka au gari kukwama. Mwezi uliopita Mata ilitoka salama kuliko vyote. Daftari lao lilikuwa karibu tupu. Nikatia sahihi makadirio hayo, na mkubwa wetu akahamishia gari lao Bura.

Alhamisi Mzee Mwadime, msimamizi wa Mata, alinijia ofisini amefura.

"Gari yetu mmechukua ya nini?"

"Mzee, daftari lenu halina tukio hata moja."

"Sisi tukiandika tukio, gari inashikwa mpaka afisa atoke Nairobi aikague. Siku kumi! Maji tunateka na nini? Ndiyo maana hatuandiki. Nyoka tumeua mpaka jikoni, binti yangu."

Baba, nilitamani ardhi inimeze. Kimya chao nilikihesabu kuwa usalama, na sikuwahi hata kupiga simu kuuliza. Nilimkimbilia mkubwa arudishe gari. Akasema tungoje Jumatatu.

Jana asubuhi Wakesho, msichana anayepima udongo huko Mata, aliumwa na nyoka. Wakambeba kwa pikipiki, katikati ya watu wawili, barabara yote ile mbovu. Yuko hai. Mguu umevimba hadi pajani, na daktari hajasema kama utapona. Naogopa, Baba, na nina hasira, zaidi na mimi mwenyewe.

Nisalimie Mama, na kaka mkubwa na watoto wake, na shangazi yetu wa kwaya, mwambie asiache kuniombea.

Mama yake Wakesho ametoka wodini sasa hivi. Amenimiminia chai ya chupa yake, akanishukuru kwa kusafiri kutoka Voi kuja kumwona mwanawe. Hajui sahihi ile ni ya nani. Naweka kalamu chini nimwambie.

Bintiyo,
Nekesa