Herufi za Pembe

Juru, Nakivale
Jumapili, kisha ya ibada

Yaya Constance, dada yangu mukubwa,

Huku tuko wazima na maharagwe yameanza kutoa maua. Kitenge ulichotuma kilifika.

Uliniambia nimulete binti yangu Ikirezi kwa daktari huko Mbarara, kwa sababu anaongea peke yake luga isiyojulikana. Luga hiyo alitunga na pacha wake Pascaline, walipokuwa wakichunga ng'ombe, ili sisi wakubwa tusisikie siri zao. Pascaline tulimuzika njiani tukikimbilia huku kambini, unajua. Sitaandika mingi juu ya hiyo.

Sasa Ikirezi anaitungia luga yao maandishi. Alinionyesha kaye yake, daftari ya shule, nikacheka: "Hizi alama ni za nini?"

Akasema, "Papa, angalia vizuri."

Yaya, niliisogeza karibu na macho. Kila herufi ni pembe za ng'ombe wetu mumoja! Hapa ni Gaju, ambaye pembe zake zilikaribia kugusana juu. Pale ni Bihogo, aliyevunjika pembe ya kushoto. Wako ishirini na moja, na hakukosea hata mumoja. Siku tuliponyang'anywa ng'ombe hao, mutoto alikuwa na miaka minane tu. Mimi niliyewazalisha nilikuwa nimesahau watatu.

Sikusoma sana, lakini pembe nazijua. Kila tukitoka shambani ananifundisha luga yao.

Kwa hiyo daktari usimutafute. Tuma kaye mbili na kalamu nyeusi. Ikirezi haongei tena peke yake. Ninakosea mingi, lakini ninamujibu.

Ni mimi mudogo wako,
Ngoga