Tabaka Lisilochapika

Jumamosi, mwezi wa saba. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ile ya Eldoret inayoingia mpaka kwenye soksi.

Nimerudi nyumbani Munyaka saa kumi na moja jioni, nikavua viatu vyenye matope ya Plateau, nikajifunika blanketi kitini. Chai iko mezani. Nje ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya jirani, na kwa muda nimekuwa nikiutazama tu, nikiwaza kwamba kuna mtu mahali fulani aliyeuwasha akasahau kuuzima.

Hivyo ndivyo ninavyoona dunia siku hizi. Kazi imeniharibu.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: mimi huchora ramani. Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya mpima ardhi hapa mjini. Bosi wangu, Bwana Mutai, huenda mashambani na vyombo vyake, hurudi na vipimo, nami huvigeuza kuwa mistari kwenye kompyuta. Mistari yenyewe haikai pamoja. Kila aina ya kitu ina tabaka lake, yaani layer kama tunavyosema ofisini: mipaka tabaka moja, barabara lingine, nyumba lake, maji lake, miti lake, maandishi lake. Ni kama karatasi za plastiki zinazoonyesha, zimepangwa moja juu ya nyingine. Kila tabaka lina jina, rangi, na kijicho kidogo pembeni. Ukikibonyeza kijicho, tabaka linatoweka. Ukikibonyeza tena, linarudi.

Nalipenda jambo hilo kupita kiasi. Kuna siku huzima nyumba zote za kijiji nikabaki na miti na mto, nikakaa nikiangalia nchi ilivyokuwa kabla ya sisi kuja. Kisha nazima miti. Kisha mto. Mwishowe unabaki weupe mtupu, na mimi ndani yake, nimetulia kabisa. Bwana Mutai hupita nyuma yangu akauliza kama nimelala macho wazi. Simlaumu. Tangu utotoni nilikuwa nikitumwa chumvi dukani, narudi bila chumvi lakini na habari ndefu ya ng'ombe niliyemwona njiani.

Wiki hii Jumatatu alikuja Mama Rael.

Mama Rael ni mjane wa Plateau, nje kidogo ya mji. Anawagawia wanawe wawili shamba angali hai, ili wasigombane baadaye. Kirwa, mkubwa, anaishi Timboroa, na atapata upande wa barabarani. Kibet, mdogo, hajaoa, anaishi hapo nyumbani na hula jikoni kwa mamake. Yeye atapata kipande cha katikati. Mama mwenyewe anabaki na nyumba yake na bustani upande wa juu. Bwana Mutai alikuwa ameshapima yote. Mama alikuja ofisini kwa jambo moja ambalo halikupimwa, nalo ni njia.

Ni njia ya miguu tu. Inaanzia jikoni kwake, inapita katikati ya kipande cha Kibet, inatokea nyumbani kwa jirani yake, Mama Auma. Huyu Mama Auma alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, akawa muuguzi katika hospitali ya misheni, akastaafu, akabaki. Kila jioni mmoja wao huivuka njia hiyo kwenda kunywa chai kwa mwenzake. Ukizunguka kwa barabara ni mwendo wa karibu saa nzima, na magoti ya Mama Auma hayawezi tena mwendo huo. Wakati wa zile fujo za baada ya uchaguzi, siku ambazo watu wa kwetu hawangeweza kuonekana barabarani, Mama Rael alimpelekea uji kwa njia hiyo asubuhi na jioni. Alinieleza hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza kisiki kiko wapi. Alikuwa amesikia jina langu, anajua nami ni wa upande wa ziwa.

Wanawe walikuwa wamekubali kwa mdomo kwamba njia itabaki. Alichotaka ni iingie kwenye ramani, ili hata wajukuu wasiifunge.

Basi akaketi kando yangu, akaweka kidole kwenye skrini, nami nikachora vistari vifupi vifupi nikikifuata. Hapa inakata kona kukwepa kisiki. Hapa kuna jiwe wanalopumzikia. Hapa mvua ikinyesha inateleza, unashika nyasi. Nilikuwa nimezama kabisa. Nilikuwa natembea naye, nahisi umande kwenye vifundo vya miguu, nasikia sufuria zikigongana mbele yetu jikoni kwa Mama Auma.

Nilipomaliza aliitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Hata mkizima hii mashini, njia itakuwa tu?"

Nikamwambia itakuwa tu, Mama.

Jumatano Bwana Mutai alipeleka ramani Plateau, na mama na wanawe wote wawili wakatia saini. Mama Rael hakuwa na miwani, lakini alikuwa ameiona njia kwa macho yake ofisini, kwa hiyo hakuona haja ya kuitafuta kwenye karatasi.

Alhamisi asubuhi akanipigia simu. Kibet alikuwa ameanza kuchimba mashimo ya nguzo za ua, na shimo moja liko katikati ya njia. Alipomuuliza, Kibet alimwonyesha ramani: hakuna njia. Akasema alidhani mama amebadilisha mawazo. Mama Rael hakuamini. Yeye aliona wazi kwamba mwanawe alipitia ofisini kwetu kisirisiri, akatubembeleza tuifute.

Aliniuliza polepole, "Msichana yangu, Kibet alikuja hapo?"

Kibet hakuja. Hata sura yake sikuwa naijua. Ningesema hivyo pale pale, maneno mawili tu.

Nikasema, "Ngoja niangalie, Mama."

Nikaifungua ramani. Njia ilikuwepo, vistari vyake vyekundu, kona na jiwe na kila kitu. Nikachapisha. Karatasi ikatoka bila njia. Nikachapisha tena, nikasimama juu ya printa nikiisubiri, ikatoka vile vile. Kwa muda kidogo nilifikiri kweli kwamba naota. Halafu nikabonyeza ule mstari ili nione uko kwenye tabaka gani, nikaona kosa langu.

Kuna tabaka moja ambalo haliundwi na mtu. Programu hulitengeneza yenyewe kwa ajili ya alama zake za vipimo. Chochote utakachokichora hapo utakiona kwenye skrini, kina rangi yake, kinang'aa, lakini hakitoki kwenye karatasi kamwe. Kila mchoraji huonywa kuhusu hilo wiki ya kwanza ya mafunzo. Mimi mwenyewe huwaonya wanaokuja kujifunza kwetu. Jumatatu ile nilikuwa nimetoka kurekebisha alama za vipimo, nikasahau kubadilisha tabaka, Mama Rael akaanza kusimulia, nami nikaondoka na masimulizi yake.

Njia nzima niliichora mahali pasipochapika.

Nilimwambia Bwana Mutai. Hakunifokea. Alisema njia ya miguu si barabara ya serikali, saini zipo, na ofisi inayorudia ramani zake baada ya saini itasemwa mji mzima. Kama familia inataka njia, ikubaliane yenyewe. Akaniambia nisijitese.

Na sikujitesa. Hiyo ndiyo sehemu inayonitia aibu kuiandika hapa, lakini nisipoiandika nitakuwa nimefungua blogu hii bure. Jana Ijumaa nilichora shamba la watu wengine kutwa nzima, nikapanga matabaka yake vizuri, nikayapa majina, nikayapaka rangi. Simu ilikuwa kando ya mkono wangu. Kichwani nilishampigia Mama Rael mara tatu, na mara zote tatu nilizungumza vizuri sana, kwa heshima, naye akanisamehe. Mtu wa kuota kama mimi ana shida hiyo: akishasema jambo kichwani anahisi amelisema.

Saa tisa ukaingia ujumbe wake. Alikuwa ameandika kwamba ananishukuru, kwamba anaelewa siwezi kusema kwa sababu ya kazi, na kwamba sasa ana hakika ni Kibet. Jana yake alikuwa amempigia Kirwa kule Timboroa akamweleza, na Kirwa akampigia mdogo wake, wakaambiana maneno.

Niliusoma mara mbili. Mama alikuwa amenitafutia kisingizio mwenyewe, kizuri kuliko vyote nilivyovifikiria, na gharama yake ilikuwa mtoto wake.

Leo asubuhi nilifika ofisini kabla ya Bwana Mutai. Nikaunda tabaka jipya, nikaliita Njia ya Miguu, nikauhamisha ule mstari. Ni kazi ya dakika moja. Nikachapisha, nikaipeleka karatasi dirishani, nikapitisha kidole juu ya njia toka jikoni hadi jikoni. Kisha nikabeba kompyuta ya mkononi ya ofisi, nikaenda Plateau.

Kibet alikuwa shambani na sururu na jembe, kwenye shimo la nne. Mama Rael alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Kati yao hapakuwa hata na hatua hamsini, na ilionekana hakuna aliyesema neno tangu asubuhi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuanzia na yote yaliniponyoka. Nikamwomba mama tusogee pale alipo Kibet, ili nisiseme mara mbili. Akaja taratibu, shuka mabegani.

Nikasema, "Kibet hakuja ofisini. Hakuna mtu alifuta njia. Ni mimi niliichora mahali haichapiki, na nimejua tangu Alhamisi."

Nikafungua kompyuta juu ya rundo la nguzo, nikawaonyesha. Njia ipo. Nikawaonyesha karatasi ya kwanza. Njia haipo. Manyunyu yalikuwa yanaangukia skrini nami nayafuta kwa mkono wa sweta, nikielezea tabaka lile kwa maneno mengi kuliko lilivyohitaji. Kibet aliinama akaangalia muda mrefu. Ni kijana mpole kwa sura, ana macho ya mtu asiyelala vizuri. Alipoongea hakunitazama.

"Sasa mimi nimeitwa mwizi siku mbili juu ya layer?"

Nilimweleza yale ya haki yake: kwamba saini yake ya kwanza ingali pale, kwamba kwa karatasi ile kipande chake ni kizima bila njia, na kwamba hakuna anayeweza kumlazimisha kutia saini nyingine. Nilitaka ajue hayo yote kabla hajashika kalamu. Mama Rael alikuwa anaangalia shimo.

Kibet akachukua karatasi mpya. Akaifuata njia kwa kidole chenye udongo, akasimama kwenye jiwe. Akaniambia nimelikosea, njia inapita upande ule mwingine wa jiwe, si huu. Akairekebisha mwenyewe kwa kalamu. Kisha akaiweka karatasi juu ya kompyuta yangu, akatia saini, akanirudishia kalamu, akashika jembe akaanza kulifukia shimo lililokuwa njiani.

Mama Rael alimwambia jambo kwa lugha yao. Lilikuwa fupi. Kibet hakuinua kichwa, ila jembe lilisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Halafu mama akanigeukia. Nakiri kwamba nilikuwa nangoja shukrani. Nilikuwa nimetembea kwenye matope, nimemkaidi bosi, nimesema ukweli.

"Ungesema Alhamisi," akasema. "Siku mbili mtoto yangu amekula hoteli."

Hakupandisha sauti. Alitia saini yake, akaikunja karatasi ya zamani akaiweka kifuani, akanisindikiza hatua chache kwa sababu adabu inataka hivyo. Hakunikaribisha chai. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kutoka katika boma lile bila chai.

Nimekaa na hilo tangu nirudi. Chai yangu imepoa na sijaigusa. Njia naijua sasa kwa miguu yangu, maana niliondokea njia hiyo hiyo, nikashika nyasi pale panapoteleza, na kwa Mama Auma nilisikia redio na sikubisha hodi. Najaribu kujipa moyo kwamba njia imeokoka. Imeokoka, ndiyo, bado saini moja. Lakini ninaloliona nikifumba macho ni yule kijana mezani kwenye hoteli ya barabarani, jana jioni, akila peke yake nusu kilomita kutoka jikoni kwa mamake, wakati mimi nachagua rangi ya tabaka la mtu mwingine.

Jumatatu nitamwambia Bwana Mutai nilichofanya, na atafanya analoona linafaa. Naogopa, lakini si sana.

Kinachonitisha ni kesho. Saini iliyobaki ni ya Kirwa, ambaye amemtukana mdogo wake kwa kosa langu. Mama Rael alisema atampigia simu, nami nikamwomba asimpigie, aniachie. Timboroa kutakuwa na baridi kuliko hapa, nitavaa sweta mbili. Nitatoka mapema, kabla sijaanza kufikiria maneno. Nikifika mlangoni, kabla hajanionyesha kiti, nitamwambia kwamba ni mimi, si Kibet.