Mji Niliompa Zaituni

Merrylands, Sydney

Mdogo wangu Mwanajuma,

Nina mke. Anaitwa Zaituni, mwaka wa pili wa ndoa yetu unakwisha, na kila ulipopiga simu kuniuliza nani ananipikia na nani ananikanda mgongo, alikuwa chumba cha pili akisubiri tumalize. Hilo ndilo nililokuficha. Nimelitanguliza mbele ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Sasa nikusalimu. Hujambo, mama? Miguu je, bado inavimba ukikaa sana? Ile dawa ya kupaka aliyokuletea Saida alipokuja huko, unaitumia au umeifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni? Afya yangu unaijua nusu. Nusu ya pili ni kwamba moyo umechoka kabisa. Daktari, binti mmoja mwenye adabu, alikaa ukingoni mwa kitanda changu akaniambia hakuna dawa nyingine ya kujaribu. Nilimshukuru. Nimesimama mbele ya wanafunzi karibu umri wangu wote, naijua sura ya mtu anayesema kweli. Mwanangu Saida anajua, Zaituni anajua, na sasa wewe unajua. Barua hii naiandika asubuhi, wakati pumzi inanitosha. Ukiona mwandiko umebadilika, ujue ni siku nyingine. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungelia, na ukilia mimi husema uongo.

Najua kitakachokuuma. Alipofariki mke wangu Rehema, wewe ndiye uliyemwosha, wewe ndiye uliyekunja kanga zake moja moja. Na siku naondoka kuja kuishi kwa Saida ulinishika mkono mlangoni ukaniambia, "Kaka, mahali pa Rehema usimweke mtu." Nikakuitikia. Sikukuitikia kwa hila, Mwanajuma. Nilikuwa nimeshapita sabini, nilidhani mambo hayo nimeyamaliza.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana mwenye makosa, kama yapo, ni baba yetu.

Unaukumbuka mchezo wake wa vina? Baada ya magharibi, sahani zimeshapangwa mkekani, wali unatoa moshi, na hakuna ruhusa ya kugusa kitu. Baba anatoa neno, sisi tunalifunga kwa neno lenye kina kilekile, na lazima useme maana yake, la sivyo halihesabiki. Anayekwama anatoa mji, kama kwenye vitendawili. Wewe ulinimaliza. Ulichukua Pangani, ukachukua Muheza, ukachukua Mombasa na Unguja yote, nikabaki sina pa kulala. Kisha ukawa unanitambia huku unakula, "Kaka mkimbizi, leo utalala kwangu au barabarani?"

Basi nimekuja kuucheza mchezo huo na wakimbizi wa kweli. Hapa Merrylands kuna ukumbi mdogo ambako kina mama wa Kongo na Burundi hukutana kila Jumatano kujifunza Kiingereza. Saida alichoka kuniona nimekaa dirishani nikitazama magari ya jirani, akanipeleka. Kila mmoja wao ana lugha ya kwao, lakini wote wanasikilizana kwa Kiswahili, yaani Kiswahili chao. Siku ya kwanza nilisikia "kitabu yangu" na "mtoto zangu", nikahisi kama jino linaniuma. Vitabu walivyopewa vilikuwa vimejaa kanuni za sarufi, nao walikuwa wanasinzia. Nikavifunika, nikawafundisha mchezo wa baba kwa maneno ya Kiingereza.

Niliandika ubaoni: bread, head, bed. Mkate, kichwa, kitanda. Wakayashika siku hiyohiyo, kwa sababu sikio likishazoea mlio mmoja, maneno ya ukoo ule yanakuja yenyewe. Nikaandika: ill, pill, bill. Mgonjwa, kidonge, bili.

"Mwalimu," mama mmoja akasema, "hayo matatu ndiyo maisha yangu yote ya Australia."

Zaituni alikuwa anakaa nyuma, karibu na birika la chai. Ni mjane, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, Mwislamu kama sisi, amesafisha vyumba vya hoteli mpaka magoti yakagoma. Alikuja darasani kwa sababu akienda kwa daktari alikuwa anagusa tu panapouma, na daktari anakisia. Nikampa neno pain, maumivu. Nikamwongezea rain, train na again: mvua, treni, tena. Wiki iliyofuata akasimama, akashika kiti kwa mikono miwili, akasema kwa Kiingereza, "Rain again, train again, pain again." Akakaa. Ukumbi mzima ulipiga makofi, maana hakuna hata mmoja asiyeijua siku ya namna hiyo.

Nilipomsimulia mjukuu wangu, binti wa Saida, alinikodolea macho. Watoto wa huku Kiswahili wanakielewa, ila wanakujibu kwa Kiingereza. "Babu, again doesn't rhyme with train," akasema, yaani eti maneno hayo hayana kina kimoja. Nikamwambia kwa walimu walionifundisha mimi yalikuwa nacho. "Nobody talks like that," akanijibu, hakuna mtu anayeongea hivyo. Basi sisi darasani tuliongea hivyohivyo, kama walimu wangu, na daktari wa Zaituni akamwelewa.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Tumecheza, wote wamekwama, tumebaki mimi na yeye. Akatoa neno wife, mke. Nikalifunga kwa life, maisha. Akanijibu knife, kisu, na akafanya kama anakata kitunguu ili maana isipotee. Zamu ikawa yangu. Nikageukia ubao. Kina mama wakaanza kupiga meza.

"Mwalimu amekwama! Atoe mji! Mji!"

"Haya, chukua Parramatta," nikamwambia.

"Nakataa. Parramatta naenda na basi kila siku."

"Chukua Cabramatta basi, kuna soko zuri."

"Soko nalijua. Mwalimu, usinipe miji ya watu. Nipe mji yako."

Nikampa Tanga.

Mwanajuma, vigelegele vilivyopigwa pale vilimleta mlinzi wa jengo kuuliza kuna nini. Kumbe kwao na kwetu jambo ni lilelile: mwanamume mgane hampi mwanamke mjane mji wake mbele ya watu, kisha akachukua mkongojo wake akaenda zake. Bibi mmoja wa Kikongo alinifuata mpaka mlangoni. "Mwalimu, umemupa Tanga. Utamupeleka lini?" Jumatano iliyofuata walikuja na mandazi na wamevaa vitenge vya sherehe, kama watu waliokuja kupokea posa. Zaituni mwenyewe alisubiri mpaka tulipobaki tunaosha vikombe. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nikifika huko Tanga, nani atanipokea?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Dada yangu."

Ndivyo nilivyofungwa, na aliyefungwa hulipa, hiyo ni sheria ya baba. Saida alinuna kwa muda. Kisha alikuja siku moja akatukuta tunagombania chumvi, yeye ananinyima na mimi naificha chini ya gazeti, akacheka, akavua viatu, akakaa kula. Tangu siku hiyo anamwita Mama Zaituni. Tunakaa fleti ndogo, mtaa wa pili kutoka kwake.

Nilikuwa nikwambie mapema. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Nilikwambia daktari amenikataza kupanda ndege. Mwaka jana hakuwa amenikataza. Niliogopa kuja peke yangu na kuendelea kukudanganya ana kwa ana, na niliogopa kuja naye nikauona uso wako. Unakumbuka siku uliyosikia mtu anakohoa ukauliza, "Nani huyo, Kaka?" nami nikakujibu ni televisheni? Ulipokata simu Zaituni alitoka jikoni na kitambaa begani.

"Leo niko televisheni," akasema. "Kesho nitakuwa friji?"

Nilicheka mpaka pumzi ikakatika. Yeye hakucheka. Alinisubiri nitulie, akasema, "Uliniambia dada yako atanipokea. Atapokea televisheni?"

Barua hii ndiyo jibu.

Bado tunacheza. Nikiamka, kabla sijafumbua macho vizuri, ananiuliza "Still?" Ni neno la ukoo wa pill na bill, maana yake bado. Namjibu "Still," na anakwenda kuweka chai. Juzi aliniuliza death, mauti, kina chake ni nini. Nikamwambia, mimi na kusoma kwangu kote, ninachokijua ni kimoja tu: breath, pumzi. Akafikiri kidogo. "Wameyaweka nyumba moja," akasema, akanipandisha mto ili nihemee vizuri.

Sasa ombi langu. Nitazikwa huku, karibu na watakaoweza kunizuru. Zaituni atakaa eda katika fleti hii. Ndugu zake wametawanyika, huku hana hata mmoja. Watu watakwenda kumpa pole Saida. Na huko kwenu, siku ya matanga, mtu atauliza kama marehemu ameacha mjane, na usipokuwa umeisoma barua hii utajibu hapana, kwa nia njema kabisa. Ndilo ninaloliogopa kuliko kaburi.

Mpigie simu siku hiyohiyo. Mwite wifi. Hata ukiwa na hasira, mwite wifi kwa hasira. Akisema "simu yako imenifurahisha, dada, na mtoto zako wote nasalimia," usimsahihishe. Mimi nimeshaacha, na jino haliumi tena. Eda ikiisha, Saida atamleta Tanga. Mji nilishautoa, lakini funguo unazo wewe.

Wala sikumweka mahali pa Rehema. Mahali pa Rehema pako palepale. Ijumaa nikisahau kumsomea Fatiha, Zaituni ndiye anayenikumbusha. Husema, "Mwalimu, mwenzangu anangoja."

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, umwambie ile redio yake aliyonisingizia mimi, nilijua siku zote kwamba ni yeye aliyeiharibu. Msalimie mwanao mkubwa, fundi wetu, na mke wake aliyejifungua. Nimeisikia sauti ya mtoto kwenye simu, ana mapafu ya kuwaazima wengine. Mpe mkono shangazi yetu mzee kama bado anawatambua watu, na kama hatambui, mshike tu. Saida anakuamkia. Mjukuu anasema hello, nimemlazimisha aseme shikamoo, amesema yote mawili. Na huyu mwingine, aliyesimama mlangoni na glasi ya maji akijifanya hasomi begani kwangu, anakusalimu, anauliza hali ya miguu yako.

Nakuaga kwa mapenzi ambayo sikuwahi kukuficha,

Kaka yako,
Athumani

Nimeshatia jina, lakini amekwenda jikoni na bado nina pumzi ya mistari michache. Wewe ulifundishwa na baba kama mimi, kwa hiyo huko uliko umeshajiuliza: mwalimu wa Kiingereza wa maisha yote, akwame kwenye knife? Zaituni hajawahi kuniuliza, nami sijamwambia. Sikukwama. Neno nilikuwa nalo ulimini. Ni strife, maana yake ugomvi. Nikalimeza, nikampa mji.