Yai la Dhahabu Lenye Alama za Meno

Mtaa wa Nane,
Kisiwa cha Vasilyevsky,
St. Petersburg.
7 Mei 2019

Mpendwa Shangazi Militsa,

Kabla ya neno lolote, pokea salamu zangu kutoka katika jiji ulikozaliwa. Natumaini zitakukuta umekaa karibu na dirisha lako, macho yametulia na miguu haijavimba. Mwanao Zahar alinieleza kwa simu kwamba daktari amekubadilishia dawa ya macho. Je, imekufaa? Na baridi ya Mto Angara huko Siberia imeanza kulegea, au bado unavaa buti za manyoya ndani ya nyumba? Mwanao ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo inanilazimu nikuulize wewe mwenyewe. Tafadhali nijibu kwa ukweli, si kwa ushujaa.

Sisi huku hatujambo. Magoti yangu yanalalamika kila nikipanda ngazi, lakini kichwa bado kinafanya kazi, au ndivyo kinavyojidai. Lukerya, binti wa kaka yangu, anaishi nami tangu majira ya baridi pamoja na mwanawe Ustinya, kwa kuwa mumewe yuko melini huko Murmansk. Nyumba imepata kelele, nami nimegundua kwamba nilikuwa nikizihitaji. Ustinya anaota meno. Kila kilichomo humu kimekwisha kupita kinywani mwake: kamba ya pazia, kona ya kamusi, na hata kidole cha fundi bomba.

Habari hiyo ya meno ndiyo inayonifikisha kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kwa kirefu.

Nimewahi kukutajia Innokenti Savelyevich, mkusanyaji wa kazi za masonara wa enzi za Tsar, ambaye nadhani hata mswaki wake una nembo ya kifalme. Huwa tunakutana kwake sisi wachache tunaougua ugonjwa huo mmoja. Tunakunywa chai, tunaonyeshana tulivyopata, na tunahusudiana kwa adabu. Mwezi Februari alitandaza juu ya kitambaa cha mahameli mayai yake madogo ya Pasaka, yale ambayo wasichana wa zamani walipewa na shangazi zao na wazazi wao wa ubatizo, moja kila mwaka, wakayatunga kwenye mkufu. Mengi yalikuwa ya rangi ya kioo iliyochomwa juu ya dhahabu: ya samawati, ya zambarau, ya kijani kibichi. Katikati yake palikuwa na moja la dhahabu tupu, dogo kama ukucha wa kidole gumba, lenye yakuti moja nyekundu. Tumboni lilikuwa na vishimo viwili vilivyokaa bega kwa bega.

"Hili liligongwa mahali," alisema Innokenti Savelyevich. "Ningepata fundi mwenye mkono mwepesi, ningekwisha kulinyoosha."

"Usithubutu," nikamwambia. "Hayo ni meno."

"Meno! Samahani, Agniya Rostislavovna, hivi shahada yako ni ya sanaa au ya udaktari wa meno?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini nilikiweka kikombe mezani, nikaliomba yai nilitazame kwa karibu.

Unajua nilichokuwa nikikifikiria. Baba alitusimulia mara nyingi kwamba, wewe dada yake ulipokuwa ukiota meno, Bibi Aglaya alichomoa yai moja la dhahabu kwenye mkufu wake akakupa ulitafune, kwa sababu ni baridi na halivunjiki. Ukalibonyeza, na Babu akakasirika, naye Bibi akajibu kwamba sasa angalau yai hilo lina mwenyewe. Kisha ukaja Mzingiro, Wajerumani walipoufungia mji huu kwa njaa. Katika ule msimu wa baridi Bibi aliyatoa mayai ya mkufu wake moja moja kwa ajili ya mkate, na la kwako akalitoa la mwisho. Mkate huo ndio uliokufikisha kwenye barafu ya Ziwa Ladoga ukiwa hai, na kutoka hapo hadi Siberia.

Nisingependa kukuandikia kama mtu aliyekwisha kuhukumu. Je, habari ya yakuti nyekundu niliisikia kweli kwa Baba, au niliiongeza mwenyewe baada ya kuliona yai? Nimejaribu kutenganisha kumbukumbu na tamaa, na sikufaulu kikamilifu. Kwenye kipete chake cha kutungia mkufu kuna alama ya serikali, kichwa cha mwanamke aliyevaa taji, anayetazama kulia. Hiyo ni ya miaka ya mwisho ya Tsar, na inaafikiana na umri wa mkufu wa Bibi. Herufi za sonara zimelika. Kwa maneno mengine, kila kitu kinaafikiana na hakuna kinachothibitisha.

Hata hivyo nililitaka. Nilitaka ulishike ungali hai, na hilo sikulitilia shaka hata kidogo.

Innokenti Savelyevich hauzi. Hubadilisha tu, na kwake yai hubadilishwa kwa yai. Lililokuwa likimnyima raha kwa miaka mingi ni lile langu jeupe, lenye rangi kama maziwa yaliyochanganywa na moshi, na kijitawi cha dhahabu kilichozungushwa kwa wembamba wa unywele. Unalifahamu. Nililiokota katika boksi la vifungo vya nguo, nikamtambua sonara wake, na juu yake nikaandika makala pekee ambayo wenzangu bado wanainukuu. Nikienda kwenye kabati langu asubuhi, ndilo ninaloliangalia kwanza. Nilipomsimulia habari ya Bibi, akanitajia yai hilo, nami nikasema hapana. Nikarudi nyumbani, nikapasha supu, na kabla haijachemka nilikwisha kujua kwamba nitasema ndiyo.

Tulikubaliana aje kwetu siku ya Pasaka.

Alifika amevaa tai, yai liko katika mfuko wa kifuani. "Kristo amefufuka!" "Hakika amefufuka!" Tukabusiana mara tatu, na kama ilivyo desturi nikampa yai la kuku lililochemshwa kwa maganda ya vitunguu, naye akanipa la kwake. Lukerya akamkatia mkate wa Pasaka na jibini tamu. Tulipokuwa tungali katika habari za hali ya hewa, yai la dhahabu liko mezani mbele yetu, Ustinya akanyoosha mkono kutoka mapajani mwa mama yake, akalichukua, akalitia mdomoni.

"Mungu wangu!" akapiga kelele Innokenti Savelyevich. "Litoeni! Atalimeza!"

"Halimezeki, kipete chake nimekishika," alisema Lukerya kwa utulivu. "Tulia, babu. Tazama hapa. Tazama! Meno yake mawili ya chini yameingia humo humo kwenye vishimo. Shangazi, si ushahidi huo?"

Nilivaa miwani, nikatazama. Yalikuwa yameingia, Shangazi Militsa. Yalikaa kama kisu katika ala yake.

"Huo ni ushahidi kwamba liling'atwa na mtoto," nikasema. "Mji huu haujawahi kukosa watoto."

"Jamani, shangazi yangu huyu!" Lukerya akamgeukia mgeni. "Akifika mbinguni, atamwomba Mtakatifu Petro kitambulisho."

Innokenti Savelyevich hakucheka. Alilipangusa yai kwa leso yake, akalishika muda mrefu kiganjani, kisha akasema neno ambalo sikulitarajia kwa mtu niliyemjua kuwa mgumu kama kufuli.

"Agniya Rostislavovna, mimi kilichotoka mkononi mwa mwenye njaa sipendi kukiweka kabatini. Leo ni Pasaka. Niambie kwamba hili ni la shangazi yako, useme bila 'nadhani' wala 'huenda', nami nitakupa bure. Lako jeupe libaki kwako."

Lukerya alinipiga teke chini ya meza. "Sema ndiyo, Shangazi. Neno moja tu!"

Lilikuwa neno moja kweli, na lilikwisha kufika kwenye ulimi. Nililiona yai langu jeupe kabatini, nyuma yake. Nilifikiri juu yako, nikafikiri juu ya Bibi. Lakini maisha yangu yote nimewafundisha vijana kwamba kitu cha kale hakina mdomo wa kujitetea, na kwamba tukikisemea tusichokijua, tunakiibia mara ya pili. Sijui kama hiyo ilikuwa hekima au kiburi cha mwalimu. Huenda ni vyote viwili.

"Naamini ni lake," nikamwambia. "Sina hakika."

"Basi ni yai kwa yai," akasema.

"Ni yai kwa yai."

Nikafungua kabati, nikamkabidhi. Lukerya aliinuka akaenda jikoni, nikasikia vyombo vikigongana zaidi ya ilivyohitajika. Innokenti Savelyevich alilifunga jeupe katika leso ile ile, na mlangoni akageuka.

"Ungesema ndiyo, ningekuamini."

"Najua," nikamjibu. "Ndiyo maana sikusema."

Alinitazama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa lile yai la kuku nililompa, akanirudishia. "Hii chukua, chenji yako," alisema, akashuka ngazi akicheka peke yake.

Mahali pa jeupe pamebaki wazi kabatini, nami sijaweka kitu kingine. Sikufichi kwamba asubuhi mbili tatu nimesimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Lakini sijuti. Nimelipima jambo hili kila upande, na kila mara ninafika pale pale: nilitoa kitu nilichokijua kwa ajili ya mtu ninayemjua.

Zahar atapita hapa wiki hii akitoka kwenye mkutano wake, naye atakuletea kijaluba cha mbao pamoja na barua hii. Nina ombi la kitaaluma, unisamehe. Kuna alama moja ya yai hilo ambayo nimeiacha makusudi nisiitaje, ili kumbukumbu yako isielekezwe na maneno yangu. Kabla ya kufungua kijaluba, mweleze Zahar yote unayokumbuka kuhusu yai lako, naye ayaandike. Ikiwa hutakumbuka kitu, au utakumbuka tofauti, yai ni lako vile vile. Usilirudishe na usinionee huruma. Pia nakusihi usilisugue kwa unga wa meno kama ulivyovifanyia vijiko vya Bibi. Kitambaa laini kinatosha.

Lakini nakujua, Shangazi. Utafungua kwanza, na Zahar atakuwa bado anatafuta kalamu. Ikiwa itakuwa hivyo, usijisumbue na lenzi wala na macho yako. Vua meno ya bandia, utie yai pale ulipolitia mara ya kwanza, kisha uniambie kama ufizi wako unalitambua. Jibu hilo nitalikubali bila kudai hati.

Mpe Zahar shukrani zangu kwa kukubali mzigo huu. Msalimie mkewe Pelageya, na wajukuu zako wote, hasa Tikhon aliyenitumia picha ya samaki wake. Lukerya anakubusu, ingawa kwangu bado amenuna kidogo. Ustinya hana neno bado, ila tangu Pasaka anautema kila mpira wa kutafuna tunaompa.

Mungu akulinde, akutulizie macho, na akujalie kiangazi kirefu chenye jua dirishani kwako.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye bila shaka yoyote,

Agniya