Maharamia wa Kupapaswa

Jumapili, 2 Machi

Jana tumecheza vibaya. Mimi ndiye msimulizi, mchezo ukiharibika lawama ni yangu, na lawama sijawahi kuipokea kwa mikono miwili.

Tuko wanne mezani, miaka mingi sasa: mimi, mdogo wangu Kitinda, Daktari wa meno wa jengo la pili, na Mwalimu wa hesabu. Mimi nasimulia kinachotokea. Kila mmoja wao ana mtu wake wa kubuni, anaamua atende nini, na dadu zinasema kama amefaulu. Safari hii tumeingia baharini, tukawa maharamia. Merikebu nilichora kwa penseli kwenye karatasi, watu ni vifungo vya shati.

Jana Kitinda alimpeleka mtu wake kwenye omo, mbele kabisa ya merikebu, akapita katikati ya mlingoti kama jini. Mwalimu akacheka. Daktari akasema mdogo wangu siku hizi anacheza kama anayesubiri basi.

Wenzetu walipoondoka Kitinda alibaki kuosha glasi. Akaniambia huku amenipa mgongo. Presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone inashikilia kilichobaki. Anaona kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu linazibika. Karatasi yangu haioni kabisa.

Nikasema nitasimulia kwa undani zaidi. Akasema, "Maneno yako mazuri, dada, lakini hayana mahali. Ukinyamaza tu, mlingoti umeondoka."

Anataka kitu cha kushika. Akiweza kumpata mtu wake mwenyewe, bila kuuliza, atakuja. Asipoweza, haji tena. Ameshaacha kwaya. Ameshaacha kushona. Imebaki meza yangu.

Na nisimwambie mtu. "Wakijua watanicheza polepole, kama mtoto." Nimeapa. Mimi — ambaye gazeti linanilipa kutonyamaza.

Mchezo ujao ni Jumamosi ya tarehe kumi na tano.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vitu vya watoto. Muuzaji, dada mwenye kucha ndefu za kijani, akauliza mjukuu ana umri gani. Nikamwambia mjukuu ni mimi.

Merikebu zipo mbili. Moja ni mto wa kulalia. Nyingine ina magurudumu. Nikamuuliza merikebu inahitaji magurudumu ya nini. Akasema, "Ili iende, mama."

Maharamia wako kwenye mfuko, wa plastiki. Mmoja ana kasuku begani, mmoja ndoano badala ya mkono, mmoja mguu wa mti, mmoja kofia kubwa kama sinia. Upuuzi mtupu. Haramia alikuwa baharia aliyechoka kuchapwa mjeledi na kunyimwa ujira wake. Walipiga kura kumchagua nahodha wao, haki ambayo hata ofisini kwetu hatuna. Leo tumewageuza vikaragosi tukawauza pamoja na pipi. Niliyasema haya yote pale dukani. Dada wa kucha alisikiliza hadi mwisho, akauliza afunge mfuko au nirudishe.

Nikarudisha. Nilitoka kichwa juu, mikono mitupu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata mabaharia wa maana! Mzee mmoja anayeuza treni ndogo za kuunganisha alikuwa nao kwenye droo ya chini. Wa chuma, mashati na suruali, nyuso zenye njaa. Kazi ya heshima.

Nyumbani nikafumba macho nikawapapasa.

Kwa macho ni watu mbalimbali. Kwa vidole ni mtu mmoja aliyezaliwa mara nyingi.

Niliwapapasa tena na tena, nikijidanganya kwamba huyu bega lake limeinama kidogo. Halijainama. Mhariri amepiga simu kuulizia makala ya kufungwa kwa maktaba. Sijaandika hata sentensi. Nikamwambia inakaribia kuiva. Chungu chenyewe hakijabandikwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshindwa na kasuku.

Nimerudi kwa dada wa kucha. Yeye hakucheka, namshukuru. Nikasimama mbele ya rafu, macho nimefumba, mkono ndani ya mfuko. Kasuku: unamjua papo hapo. Ndoano: inachoma. Mguu wa mti: huwezi kumkosea hata ukiwa usingizini. Kila uongo niliowahi kuushutumu kuhusu maharamia, kidole kinausoma.

"Mjukuu amekubali?" akauliza.

Nikasema amekubali.

Jumatatu, 10 Machi

Merikebu bado. Nimelala vibaya. Kitinda hapokei simu asubuhi, na kila asipopokea namwona amejigonga mahali. Saa nne akapokea, alikuwa anafua tu. Akanikaripia: ameugua macho, hajaugua mikono.

Mchana nikapita duka la samaki wa kufuga. Ndani ya tangi, chini kabisa, merikebu! Ukubwa sawasawa, tezi, kule nyuma, imeinuka, kingo za kushikika. Ila tumbo lina tundu la kupitisha mkono.

"Hii ilishazama, mama," muuza samaki akasema. "Ndiyo maana samaki wanaipenda."

Nikamwambia mimi nataka ya kusafiri. Akasema za kusafiri hauzi. Nikainunua hivyo hivyo, bado inachuruzika maji.

Sitaha yake imepinda, kijisanamu hakisimami. Nimegundisha juu yake mfuniko wa kopo la biskuti, na chini ya nyayo za maharamia nimebandika sumaku za mlango wa friji. Sasa hata vidole vikiwagonga hawaanguki. Mlingoti ni penseli ileile iliyochora karatasi; angalau ifanye kazi ya maana. Gundi imenishika vidole viwili, na bado inanuka samaki. Merikebu, si mimi. Labda na mimi.

Jumatano, 12 Machi

Kitinda amekuja kujaribu.

Nikaiweka mbele yake nikarudi nyuma. Kwa mara ya kwanza sikusimulia kitu. Vidole vyake vilianzia kwenye tezi, vikafuata ukingo, vikapanda mlingoti, vikashuka. Akamkuta kasuku. "Huyu wangu. Anafanana na mimi, ana mtu wa kumpigia kelele sikioni." Huyo ni mimi, nadhani. Ndoano akampa Mwalimu, mguu wa mti akampa Daktari. Akamtoa mtu wake tezi hadi omo peke yake, akampitisha kando ya mlingoti, akacheka hadi akakohoa. Nikageuka nikajifanya natafuta chumvi. Hatukuwa tunakula.

Halafu akauondoa mkono ghafla kama aliyeungua. "Dada. Mguso."

Nikaelewa, nikakaa chini.

Sheria ya mguso! Mezani kwetu, ukigusa mtu wako umeshamsogeza. Ukigusa wa mwenzako umeshampiga, na dadu zitupwe. Nani aliipigania? Mimi. Daktari alikuwa na tabia ya kugusagusa, "napima tu, napima tu," mpaka siku moja nusura turushiane viti. Nikaandaa hoja, nikazitoa nimesimama, ikapita. Nilikuwa sahihi. Hata leo niko sahihi, ni sheria nzuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Atapapasaje asiguse? Mimi nimehangaika kutafuta watu wanaosomeka kwa vidole, na vidole vyenyewe niliviwekea pingu zamani.

"Tuifute," nikasema.

"Utasema kwa sababu gani?"

Sababu ni moja tu, na nimeapa kutoisema.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetafuta hoja siku mbili. Mimi! Niliyewahi kuandika dhidi ya waziri nikiwa na homa. Kila hoja ni uongo, na Daktari ana pua ya uongo, kutwa anasikiliza watu wakidai wanapiga mswaki.

Nikampigia simu kumpima. Nikasema labda sheria ya mguso imezeeka. Akasema, "Mama Hoja, si wewe uliyetuambia meza isiyo na sheria hubaki na kelele tu?" Maneno yangu, neno kwa neno. Niliyapenda siku ile.

Nikamwomba Kitinda aniondolee kiapo. Hataki. Nikamwambia basi asije kesho, tuahirishe. Akasema, "Ndivyo inavyoanza, dada. Kuahirisha."

Makala ya maktaba nimepeleka. Mhariri anasema imepoa. Anauliza kama naumwa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa jikoni. Wenzangu wako sebuleni, mchezo haujaisha. Nimesema nakuja kuchemsha maji.

Walifika mchana. Mwalimu aliizunguka merikebu kama anayemkagua bibi harusi. Daktari akachungulia tundu la tumbo, akauliza kama ni dirisha la nahodha. Kitinda akakaa kiti chake cha siku zote, mikono mapajani.

Nikasema: leo naomba tuiondoe sheria ya mguso.

"Hoja?" Daktari akauliza.

"Sina."

Mwalimu akaacha kutafuna. "Mama Hoja hana hoja? Leo mvua itanyesha."

Daktari hakucheka. Akasema sheria haifutwi kwa sura ya kusikitisha, tuanze. Tukaanza.

Nikasimulia vibaya. Maadui wakapanda merikebuni. Mtu wa Daktari akajeruhiwa, amebakiza pigo moja afe, na huyo amecheza naye tangu enzi akiwa na nywele kichwani. Anampenda, ingawa huwezi kumtoa neno hilo kwa koleo lake lolote. Ikafika zamu ya Kitinda.

Mikono bado mapajani.

"Basi halijafika?" Daktari akasema.

Nikafungua mdomo. Kiapo kilikuwa kimeshavunjika kooni, kimebaki kutoka tu. Kitinda akaniwahi, akanyoosha mkono. Polepole. Akaanzia kwenye tezi, akafuata ukingo, akagusa mlingoti, akashuka. Vidole vikafunga juu ya mguu wa mti.

"Umegusa," Daktari akasema.

"Nimegusa," akasema Kitinda. "Huyu ni wewe, Daktari. Nilikuwa nakutafuta nikupite kando, nisikukanyage. Sioni. Nimeanza kupofuka."

Alisema kama mtu anayetaja saa. Mwalimu akajishika mdomo. Daktari alikuwa na dadu mkononi, alikuwa ametoka kuzitupa. Akasema taratibu, kwa sauti ya kumwambia mgonjwa afungue kinywa, basi tuache, mguso huu hatuuhesabu —

"Unahesabiwa," Kitinda akasema. "Sheria ni sheria. Nimekupiga. Nipe dadu."

Akaukunjua mkono juu ya meza, kiganja juu.

Daktari akaniangalia mimi. Alitaka hoja! Akizitoa dadu, huenda mtu wake akafa kwa mkono wa rafiki, kwa bahati mbaya, bure. Akizinyima, amemcheza Kitinda polepole, kama mtoto. Msimulizi ndiye wa kuamua. Nikasema nakwenda kuchemsha maji.

Birika limechemka, nimelizima nipate kusikia. Hakuna anayeongea. Mkono wake lazima bado uko pale, si mtu wa kuurudisha kwa kuona haya. Namwomba Mungu Daktari amtilie dadu kiganjani. Halafu naomba zisianguke vibaya. Halafu naona hilo la pili silo langu kuomba.

Kiti kimelia sakafuni. Mtu amesimama, au amesogea karibu na meza, mlango wa nje sijausikia, bado sijausi—