Skrini ya Kushoto Isizimwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa kwenye jalada. Kazini anaitwa Mama Sindano.
Umri: Miaka 51
Kazi: Mshonaji wa viti vya magari
Makazi: Chumba cha uani, nyumba ya pili kutoka kiwanda cha mabati

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu yule msichana wa kazi mliyemfungia huko nyuma ya kaunta hakumweka mtoto yeyote kwenye gari lolote, na baba wa mtoto analijua hilo kuliko sisi sote. Afande ameniambia nianze mwanzo, nisirukie mwisho. Haya, naanza mwanzo.

Nafanya kazi kwenye gereji ya mapambo ya magari. Ni banda moja refu la mabati, limefunikwa juu, pande ziko wazi. Mimi na cherehani yangu tunakaa upande mmoja. Upande wa pili yuko mwenzangu, Fundi Waya, anayefunga redio, spika na zile skrini za abiria wa nyuma, zinazopachikwa kwenye migongo ya viti vya mbele ili watoto watazame katuni na wazazi wapumue. Yeye anakata kiti, mimi nashona alipokata. Tumegombana juu ya hilo miaka yote na chai bado tunakunywa kikombe kimoja.

Fundi Waya ana utaratibu wake. Skrini akishaifunga au akishaitengeneza, anaiacha icheze saa nzima, wakati mwingine saa mbili, kwa sababu anasema skrini mbovu ikiwa baridi haijisemi. Kwa hiyo ukija kwetu wakati wowote utakuta magari matatu manne yamewaka ndani, picha zinakimbia, spika zinadunda, na kwenye viti hakuna mtu. Mteja mgeni hushangaa. Sisi hatugeuzi hata shingo. Kwetu gari linaloongea peke yake si habari. Naomba afande aliandike hili vizuri, maana hapo ndipo balaa lote lilipojificha.

Jambo la pili. Getini kwetu pameandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka: HATUPOKEI GARI LENYE MTU NDANI. Mwenye gereji aliandika hivyo baada ya mama mkwe wa mteja mmoja kukataa kushuka, akakaa kiti cha nyuma kutwa nzima akimfundisha Fundi Waya kazi. Tangu siku hiyo hata uje na bibi harusi, anashuka. Kila anayefika anaulizwa, na huyo bwana ninayemzungumzia aliulizwa.

Leo, tarehe 14 mwezi huu, saa nne kasoro asubuhi, alifika na gari lake kubwa la kijivu, vioo vyeusi tii. Namfahamu. Mwezi uliopita Fundi Waya ndiye aliyemfungia skrini mbili nyuma, nami nikamshonea ngozi mpya kwenye migongo ya viti. Alisimama nje ya geti kwanza. Nilimwona amejipinda kuelekea nyuma, anaongea, anapangapanga kitu. Nikadhani anatafuta mkoba wake. Kisha akaingiza gari, akalisimamisha ukingoni mwa banda, akashuka upesi na kufunga mlango.

Fundi Waya akamuuliza, "Kuna mtu ndani, bosi?"

Akajibu, "Mtu gani? Nimekuja peke yangu."

Nilikuwa karibu, nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Halafu akasema, "Ya kulia inatoa picha, sauti haitoi. Ya kushoto iko sawa, isiguswe. Tena isizimwe. Na injini iache hivyo hivyo na kiyoyozi chake. Naingia benki hapo, nakuja sasa hivi."

Fundi Waya akauliza ya kushoto inamchezea nani. Akaambiwa, "Wewe fanya kazi yako."

Alipokwenda zake tulicheka. Fundi Waya alisema watu wenye nafasi zao hata kiti kitupu wanakifungulia katuni. Nilicheka mpaka nikadondosha sindano. Nikikumbuka kicheko kile sasa hivi natamani kujizaba kofi.

Pale kwetu injini haiachwi inaunguruma chini ya paa. Moshi ukijaa tunakohoa mpaka jioni. Fundi Waya alifungua mlango wa dereva, akanyoosha mkono, akarudisha ufunguo hatua moja. Injini ikafa na kiyoyozi kikafa nayo, skrini zikaendelea kwa betri. Akafunga mlango, akarudi kwenye gari alilokuwa nalo kabla, kwa sababu mteja wa kwanza ndiye wa kwanza. Hakutazama nyuma. Migongo ya viti vile ni mirefu, nami ndiye niliyeijaza sponji. Hata angetazama asingeona kitu kifupi kilichokaa kimya.

Ile "sasa hivi" ya huyo bwana ikawa saa ya pili. Jua likazunguka, likaliangukia lile gari lote kuanzia mbele mpaka nyuma. Nikiwa cherehanini nilianza kusikia mdundo. Du, du. Unakaa kidogo, du. Nikapaza sauti, "Waya, punguza hiyo besi, unanipoteza mshono!" Akanijibu, "Sijagusa besi mimi!" Nikaona ananitania, ndiyo kawaida yake. Nikaendelea kushona.

Yapata saa sita kamili nilikwenda kuchukua gombo la ngozi, ambalo huwa tunaliegemeza ukutani, nyuma ya pale lilipokuwa gari la kijivu. Nilipopita kwenye kioo cha nyuma, mwanga ukipenya ule weusi wake, nikaona skrini ya kushoto imesimama. Katuni hakuna. Kuna maandishi tu yanauliza kama mtazamaji bado yupo, abonyeze aendelee. Fundi Waya aliwahi kunieleza kwamba skrini hizi zikicheza muda mrefu bila kuguswa huwa zinauliza hivyo, halafu zinanyamaza. Na ya kulia ndiyo hiyo iliyoletwa kwa sababu haina sauti. Kwa hiyo gari lile halikuwa na kitu cha kutoa mlio.

Nikasikia tena, du.

Nilisimama pale na gombo langu begani nikajiuliza, picha imesimama, ya pili bubu, sasa ngoma anaipiga nani? Nilitupa gombo nikavuta mlango.

Joto lililotoka mle lilinipiga usoni kama la tanuri. Upande wa kushoto kulikuwa na mtoto wa kiume, wa miaka minne hivi, amefungwa mikanda kwenye kiti chake cha watoto. Ana hedifoni za buluu masikioni. Shati limelowa chapachapa, midomo myeupe, macho nusu yako wazi. Hakulia wala hakuita. Mguu wake mmoja ulikuwa bado unanyanyuka, unapiga mgongo wa kiti cha mbele, unaanguka. Ile ngozi niliyoishona kwa mkono wangu ilikuwa imejaa alama za soli zake, nyingine juu ya nyingine. Nendeni mkaziangalie. Gari bado liko pale, na nimemkataza kila mtu asipitishe kitambaa.

Kifungo cha mikanda kilinishinda. Nilitoa mkasi wangu wa ngozi kwenye mfuko wa aproni nikaikata. Mkanda mmoja uliokatwa nimekuja nao, huu hapa, pamoja na hedifoni zenyewe. Fundi Waya alikuja na ndoo, tukamlowesha kichwa na kifua. Mwanamume mzima, ndevu zake zimejaa, alikuwa analia kwa sauti huku anachota maji. Nikambeba mtoto mbio mpaka zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Muuguzi wa zamu alimpokea mikononi mwangu.

Baba mtu alitokea zahanati saa saba kasoro, ameelekezwa na mwenye gereji. Hakukimbia, alitembea. Alimkuta Fundi Waya mlangoni, na naapa mbele ya afande kwamba neno lake la kwanza halikuwa kuuliza kama mtoto anapumua. Alisema, "Si nilikwambia usizime injini!" Muuguzi alisikia. Muulizeni.

Muuguzi akamwambia kwamba jambo la mtoto kufungiwa kwenye gari ni lazima aliripoti polisi. Hapo ndipo nilipoona mtu anavyobadilika. Alitoka nje na simu yake, akakaa huko kitambo, akarudi na sura nyingine kabisa. Akaanza kupiga mayowe, "Mwanangu nilimwacha nyumbani na dada! Nani amemweka kwenye gari langu?" Machozi yalikuja. Sijui aliyatoa wapi, lakini yalikuja.

Baada ya muda yule dada wa kazi alifika mbio, ameitwa alete nguo za mtoto. Alikuwa na ndala mguu mmoja, mguu wa pili mtupu, na nguo za mtoto amezikumbatia kifuani. Nyinyi askari mlikuwa mmeshafika. Yule bwana akamnyooshea kidole, akasema huyu ndiye aliyemfungia mtoto kwenye kiti asubuhi bila kumwambia, ili apate nafasi ya kulala. Msichana akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji usoni. Akasema, "Baba, si ulimchukua mwenyewe? Si ulisema mnakwenda kunyolewa?"

Akajibiwa, "Nyamaza."

Akanyamaza kweli. Kazoea. Mkamchukua na nguo zile zile mikononi.

Sasa mimi nauliza, na afande aandike swali langu kama nilivyouliza. Kama hakujua kuna mtoto, kwa nini skrini ya kushoto isizimwe? Mtoto alikuwa ameketi upande gani? Kushoto. Kama alidhani gari ni tupu, kiyoyozi alikuwa anampozea nani? Alijua. Alimwona, akamvalisha hedifoni, akasoma maandishi yetu mekundu getini, akaamua kumficha mwanawe kama mtu anayepitisha mzigo wa magendo, ili asisumbuke kumbeba mpaka benki. Mbaya zaidi kuliko yote, alipobanwa alitafuta mtu asiye na wa kumsemea, akambebesha.

Afande ameniuliza kama nina uhakika, kwa sababu bwana huyo ni mtu anayeheshimika. Nina uhakika. Afande pia ameniambia nishushe sauti. Nimeishusha mara mbili, inapanda yenyewe. Neno nililomwita huyo bwana afande anasema haliandikiki kwenye maelezo. Basi aandike kwamba nililisema.

Zile skrini sina ugomvi nazo. Ni kioo na waya, zinafanya walichoziagiza. Ila naona watu wamezigeuza yaya. Mtoto amenyamaza, basi yuko salama. Mbona mimi wangu watatu niliwalea wakipiga kelele mpaka majirani wakahama, na kila dakika nilijua walipo?

Kabla ya kuja hapa, saa kumi jioni, nilipita zahanati. Mtoto ameamka. Ana dripu mkononi, lakini anaongea. Nilikaa kando ya kitanda, nikamwambia mimi ndiye niliyefungua mlango. Alinitazama kwanza, kisha akaniambia kwamba alikuwa anacheza mchezo na baba. Baba alisema wanajificha, na atakayesema neno kabla baba hajarudi ameshindwa.

Akasema, "Sikusema. Nilipiga miguu tu. Nimeshinda?"

Nilimwambia ameshinda. Ningemwambia nini? Muuguzi alikuwepo, aligeuka akatazama dirishani.

Halafu mtoto akauliza, "Dada yuko wapi?" Hilo sikuweza kumjibu. Nilivaa viatu nikaja moja kwa moja hapa, ili nikirudi niwe na jibu.

Haya nimeyaona na kuyasikia mwenyewe. Sijatia chumvi, na kama kuna mahali nimepunguza ni pale tu aliponikataza afande. Nimesomewa, nimeona ni yangu, natia saini.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA MWANDISHI

Maelezo haya nimeyaandika mimi kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akakubali kwamba ni sahihi. Nimepokea mkanda wa kiti cha mtoto uliokatwa na hedifoni moja ya rangi ya buluu. Shahidi alitakiwa kwenda nyumbani, akakataa, akaketi kwenye benchi la mapokezi.

Fundi wa skrini na muuguzi wa zamu wamehojiwa kila mmoja peke yake, na wanayosema yanalingana na haya. Askari waliokwenda gereji wamezikuta alama za viatu kwenye mgongo wa kiti cha mbele kushoto na kuzipiga picha.

Nilimpigia simu baba wa mtoto ili afike kituoni. Aliniuliza kama gari lake linaweza kutoka gereji leo. Nikamjibu kwamba gari halitoki, na yeye aje upesi.

Saa moja na nusu usiku msichana wa kazi ametolewa nyuma ya kaunta na kurudishiwa vitu vyake: ndala moja na nguo za mtoto. Ameondoka na shahidi kuelekea zahanati. Shahidi amempa viatu vyake, yeye ametembea peku.