Kurasa Alizozigandisha Mama Mkwe

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikinikuta hivi nilivyo sijui nitauficha wapi uso wangu. Mimi ni mshonaji katika karakana ya sare za shule, kazi yangu ni kola, na pale kazini tuna desturi yetu wakati wa chai, kwamba kila anayemaliza kitabu husimama, akaeleza alichokisoma bila kufichua mwisho, kisha akamtaja mwenzake anayefaa kukisoma baada yake, na aliyetajwa haruhusiwi kukataa, ndiyo maana fundi wetu wa pasi, mwanamume mwenye mabega mapana kama mlango, alisoma kitabu cha malezi ya watoto wachanga hali hana hata mke, na akatusimulia vizuri mno.

Sasa mimi vitabu hivyo huviacha nyumbani, kwa sababu mezani kwangu kuna mafuta ya cherehani, na mchana nikiwa kazini Mama, yaani mama mkwe wangu tunayeishi naye na anayenilelea mtoto wangu mchanga, huvisoma, nami sikuwa na neno. Lakini kulikuwa na kitabu kimoja, hadithi ya bibi harusi na nyumba aliyoolewa, kitabu kizuri ambacho hata mume wangu nilimsomea sura ya kwanza nikiigiza sauti ya mama mkwe wa mle kitabuni, tukacheka hadi Mama akaacha kukunja nguo chumba cha pili akauliza kuna nini, tukamwambia hakuna, na siku chache baadaye nikakikuta kitabu hicho kurasa zake kadhaa zimegandishwa kwa gundi ya unga, ukingo kwa ukingo, kazi safi kabisa. Nikajua Mama, kwa adabu zake za kizamani, ameficha mambo ya mapenzi ili nisiharibike. Nikaona haya kumuuliza, nikakipeleka kazini vilevile, nikampendekezea mshona vifungo, ambaye tunamwita Sindano kwa ajili ya mdomo wake.

Sindano alisimama na kitabu mkononi akasema, "Jamani, humu kuna kurasa zimefungwa. Mimi nasema hapo wamefumaniwa."

Mwingine akamjibu, "Wewe nawe, kufumaniwa ndiko kwa kutiwa gundi? Hapo wamebusiana."

"Kurasa zote hizo? Hawapumui?"

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kitabu kingine, kila mtu akakipendekeza kwa mambo ambayo hakuyasoma, mpaka fundi wa pasi akasema tunajitesa bure, akazipitishia mvuke, zikaachia moja baada ya nyingine, nasi tumemzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama.

Mshauri, hapakuwa na busu hata moja. Kurasa zote zilizogandishwa zilikuwa za yule mama mkwe wa kitabuni, anavyopima sukari kwa kijiko, anavyotega sikio mlangoni, anavyomnong'oneza mwanawe kwamba mke wake analala sana. Ama ile sura ya vijana wawili dirishani, iliyotufanya tusahau chai ikapoa, ilikuwa wazi, kona imekunjwa, na inanukia ile dawa ambayo Mama hujichulia magoti.

Karakana nzima ilicheka, na mimi nilicheka, sikufichi. Lakini Mama alikuwa ameniambia anataka kukirudia kitabu kile, kwa hiyo nikazigandisha kurasa upya kwa gundi tunayokazia kola, ambayo haisikii maji wala mvuke, na kwa haraka zangu nikaigandisha na ile sura ya dirishani. Jana Mama akaniuliza, "Mwanangu, hapa pamepatwa na nini?" Nikamwambia mtoto alimwagia uji. Akanitazama, akasema, "Uji wa siku hizi mgumu," akaenda zake.

Na Jumamosi msimamizi wetu, asiyejua lolote, ametaka kila mmoja aje na mtu wa nyumbani kwake aseme anasoma nini. Mume wangu amekwisha kumwambia Mama, Mama amekwisha kupiga pasi gauni lake, na anasema atapendekeza kitabu hicho hicho. Sindano naye ameapa atasimama mbele ya watu amuulize, "Mama, zile kurasa ulizifungia nini?" Je, nimwambie Mama kwamba shughuli imeahirishwa? Nijifanye mgonjwa? Mama huyu anamlea mwanangu kama yai, sitaki aaibike, wala sitaki anichukie.

Ni mimi,
Mshona Kola niliyekaukiwa na gundi mkononi


Mshona Kola,

Barua yako imekimbia bila kupumua, lakini nimeifukuza hadi nikaikamata. Kwanza ujue kwamba mimi pia ni mama mkwe. Ukitaka hakimu asiye na upande, umekosea mlango, bisha kwa jirani.

Umeandika, kwa kupita tu kama mtu anayetupa ganda la ndizi, kwamba ulimsomea mumeo ukiigiza sauti ya mama mkwe, mkacheka, na mama mwenye nyumba yuko chumba cha pili anakunja nguo. Nguo za nani? Zenu. Akauliza, mkamwambia hakuna. Binti yangu, huyo hakuwa akikulinda wewe na mapenzi. Alikuwa akijilinda na kicheko chenu. Alichukua unga na maji akaufunga mdomo wa mtu wa kitabuni, kwa kuwa wako hakuweza kuufunga. Ni mvumilivu. Mimi ningekichana.

Tena umemsingizia mtoto asiyeweza hata kushika kijiko. Huo ni utovu wa haya. Wala usidhani umemdanganya bibi yake. Mwanamke anayeijua gundi ya unga kwa mkono wake hawezi kubabaishwa na uji. Alikuachia mlango upite uungame, wewe ukausukuma ukaufunga.

Hata hivyo nakuhurumia, kwa sababu naona kinachokuuma. Si Sindano. Ni ile kona iliyokunjwa. Umeishi na mama huyu, umemwachia mtoto na funguo, na hukuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye magoti mabovu anaweza kurudia sura ya dirishani kwa raha zake. Ulimdhania mlinzi wa adabu, kumbe ni msomaji mwenzako, tena mwenye ladha nzuri kukushinda, maana wewe uliishia kuigiza sauti katika sura ya kwanza.

Sasa sikiliza. Shughuli haijaahirishwa, kwa hiyo usiiahirishe kwa ulimi wako. Usijifanye mgonjwa pia, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuuguza, na kila kikombe cha maji atakachokuletea kitakushinda kumeza.

Leo hii ukitoka kazini, keti naye. Mumeo usimtume. Waume wakipewa ujumbe wa namna hii huufikisha umevunjika shingo. Sema mwenyewe, kwa maneno machache: "Mama, siku ile tulicheka vibaya, nisamehe. Kurasa tumezifungua kazini. Na hii sura nimeiharibu mimi, mtoto hana kosa." Kisha nyamaza. Usianze kueleza habari za mvuke. Akikukaripia, pokea. Akicheka, cheka, ila usimzidi.

Mtafutie nakala nyingine iliyo safi, aiweke katika kabati lake mwenyewe, na akitaka kuigandisha tena, mpelekee unga. Wakati mnaisubiri nakala hiyo, mwombe akusimulie ile sura. Anayo kichwani, nakuhakikishia. Wewe keti chini usikilize, na akifika dirishani asione meno yako.

Kuhusu Sindano, mkumbushe kwamba desturi yenu inakataza kufichua mwisho wa kitabu, na tangu sasa inakataza pia kufichua siri za msomaji. Akikaidi, mpendekezee kile kitabu cha malezi ya watoto wachanga. Hawezi kukataa, na kitamweka kimya kwa muda. Na wewe, ukitaka mtu amheshimu mama mkwe wako, acha kuwa wa kwanza kumchekesha mtu kwa jina lake.

Jumamosi usimwache asimame kwanza. Simama wewe, kabla Sindano hajasafisha koo, useme kitabu unachokisoma, kisha useme waziwazi: "Nimependekezewa na Mama." Halafu keti, umwachie nafasi. Yatakayofuata hayahitaji msaada wako. Mwanamke aliyejua kurasa za kufunga na kurasa za kuacha wazi hashindwi na mshona vifungo.